Shilingi 1,270 za Haydom: historia fupi ya kujifunza kuiamuru kompyuta

Mwishoni mwa mwaka jana niliketi katika chumba kidogo mjini Haydom pamoja na binti wa kaka yangu, ambaye ni katibu wa kikoba cha wanawake thelathini. Mezani palikuwa na madaftari matatu, kompyuta mpakato iliyochakaa na swali moja: shilingi 1,270 zimetoka wapi?

Kikoba kilikuwa kimepata faida ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka. Hisa za wanachama wote zilikuwa 1,370. Jedwali lililotengenezwa kwa malipo na mtu wa mjini lilionesha kuwa kila hisa ipate shilingi 729. Fedha zikatumwa kwa simu, kila mwanachama akapata mgao wake, na katika akaunti ya kikundi zikabaki shilingi 1,270. Mweka hazina alizitaja mwenyewe mbele ya mkutano, bila kuulizwa. Lakini alipoulizwa sababu ya kubaki kwake, hakuwa na jibu. Ikiwa kila mtu amepata haki yake, hizi ni za nani? Na kama zimebaki mwaka huu, je, miaka iliyotangulia? Mama yule mwaminifu, aliyekuwa ameshika fedha za wenzake kwa miaka, akaanza kutazamwa kwa jicho la shaka kwa sababu ya fedha zisizotosha hata kilo moja ya sukari.

"Baba mdogo," binti yule aliniambia, "wewe umesema unajifunza kuandika programu. Nifundishe na mimi, nijue hili jedwali linafikiri nini."

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa historia, si mhandisi. Nilianza kujifunza kuandika programu nikiwa nimevuka miaka arobaini, kwa aibu kidogo, nikifuata mazoezi ambayo wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wangeyamaliza kabla ya chai. Lakini ombi lile lilinirudisha katika fani yangu. Nyuma ya sentensi hiyo ya binti wa Haydom, anayetaka kujua jedwali "linafikiri nini", kuna historia ya zaidi ya miaka sitini, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni yetu.

Tuanze na mwaka 1964. Tarehe 26 Aprili mwaka huo Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 1 Mei, katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani, programu ya kwanza iliyoandikwa kwa lugha iitwayo BASIC ilifanya kazi. Waliobuni lugha hiyo, John Kemeny na Thomas Kurtz, walikuwa walimu wa hisabati. Hadi wakati huo kompyuta ilikuwa mashine ya wataalamu: mtu alipeleka swali lake kwa fundi, akasubiri jibu. Kemeny na Kurtz walitaka mwanafunzi wa fasihi, wa historia au wa sheria aweze kuketi mwenyewe, aandike amri chache, aone matokeo, akosee, arekebishe. Herufi ya kwanza ya jina BASIC inasimama badala ya neno lenye maana ya mtu anayeanza. Hii ilikuwa hoja ya kisiasa hata kama wao hawakuiita hivyo: kwamba anayeanza ana haki ya kuigusa mashine.

Mwaka uliofuata, 1965, kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Tazama tofauti. Kule Dartmouth mashine ilifunguliwa kwa mwanafunzi. Kwetu iliingia kama chombo cha hesabu za Serikali, kikitunzwa na wataalamu wachache, wengi wao wageni, na mipango yake ikitoka nje. Silaumu. Nchi ilikuwa changa na ilikuwa na wahitimu wa kuhesabika kwa vidole. Lakini mwanzo huo uliacha alama: tangu siku ya kwanza, kompyuta kwetu ilikuwa kitu kinacholetwa kikiwa kimekamilika.

Mwaka 1967 ulileta mambo mawili ambayo hayajawahi kuwekwa meza moja inavyostahili. Mwezi Machi Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alikosoa shule inayomtenga mtoto na jamii yake, inayomwandaa kwa mtihani badala ya maisha, na inayomfundisha kuwa maarifa hukaa vitabuni tu na kwamba wazazi wake hawajui kitu. Alitaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na shule iwe pia shamba.

Mwaka huohuo, huko Massachusetts, Seymour Papert na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Papert alikuwa Mwafrika Kusini, mzaliwa wa Pretoria, aliyepinga ubaguzi wa rangi tangu akiwa kijana chuoni. Baadaye Logo ikawa maarufu kwa kobe wake: mtoto anamwamuru kobe aende mbele hatua kadhaa, ageuke kulia, aende tena, na kobe anachora mraba. Akikosea pembe, mraba haufungi. Hakuna mwalimu wa kumgombeza. Kosa linaonekana kwenye mchoro, na mtoto analitafuta. Papert alipinga wazo la kompyuta kumfundisha mtoto kwa kumwamuru. Alitaka mtoto ndiye aiamuru kompyuta, na kwa kuiamuru ajifunze kufikiri.

Sina ushahidi kwamba wawili hawa waliwahi kusomana. Lakini ukiyaweka mawazo yao pamoja utaona yanazungumza lugha moja. Wote wawili waliamini kwamba maarifa humwingia mtu kupitia kazi yenye maana kwake, na kwamba kosa ni sehemu ya kazi hiyo. Tulikuwa na falsafa. Hatukuiunganisha na mashine.

Kisha ukaja mwaka 1974. Jaribio la kuingiza hesabu za Serikali katika kompyuta lilikuwa limekwenda vibaya, kwa gharama kubwa, na uamuzi ukawa mkali: uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini ukapigwa marufuku. Novemba mwaka huohuo Chama kilipitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto na elimu iunganishwe na kazi. Kwa hiyo katika mwaka mmoja tuliamua kwamba kila Mtanzania asome, na pia kwamba kompyuta isiingie. Marufuku ililegezwa miaka ya 1980 na ikaondoka miaka ya 1990, lakini kizazi kizima kilikuwa kimepita.

Wapo wanaoitaja marufuku ile kwa kicheko, kama ushahidi wa ujima. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Serikali iliona, kwa usahihi, kwamba imenunua kitu isichokielewa, kinachoharibika bila mwenyeji kujua kwa nini. Utambuzi ule ulikuwa sahihi; dawa ndiyo iliyokosewa. Dawa ya kutokielewa chombo ni kujifunza kukitengeneza kidogokidogo, kama mtoto anavyojifunza kulima kwa kuanza na tuta moja. Tulifunga mlango wakati tulipopaswa kufungua karakana.

Sasa turudi Haydom, maana mji huu mdogo una historia yake ya hesabu.

Haydom iko katika Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, na Mlima Hanang uko upande wa kusini mashariki. Ni mahali pa nadra barani Afrika. Katika eneo lake wanakutana Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi; Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti; Wanyiramba na Wanyisanzu, wenye lugha za Kibantu; na Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao lugha yao yenye sauti za vidoko haina ndugu anayejulikana kwa hakika. Mwaka 1955 wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei walifungua hospitali hapa, ambayo leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Na hospitali, kama anavyojua kila muuguzi, ni nyumba ya kuhesabu: waliolazwa, waliozaliwa, waliopona, waliofariki.

Miaka ya 1990 nchi nzima ilipokea Mtuha, mfumo wa taarifa za huduma za afya, pamoja na vitabu vyake vikubwa ambavyo kila zahanati inavifahamu. Muuguzi alichora vijistari, akavijumlisha mwisho wa mwezi, akapeleka wilayani. Kuanzia mwaka 2009 watoto wa Haydom walifuatiliwa katika utafiti wa MAL-ED kuhusu utapiamlo na maambukizi ya tumbo, sambamba na watoto wa Bangladesh, Brazili, India, Nepali, Pakistani, Peru na Afrika Kusini. Mwaka 2025 jarida kubwa la kitabibu la Marekani lilichapisha matokeo ya mpango wa kuokoa watoto wachanga uliohusisha vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania, ukiratibiwa kutoka Haydom. Haya ni mambo ya kujivunia. Mji ambao barabara yake imeahidiwa lami kwa miaka mingi umeuambia ulimwengu mambo ambayo ulimwengu haukuyajua.

Lakini kuna swali ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa. Katika safari ya tarakimu kutoka kijistari cha muuguzi hadi ukurasa wa jarida, ni nani anayeandika maelekezo ya mashine? Ni nani anayeamua kwamba tarakimu fulani ikunjwe, nyingine iachwe, jina fulani likubaliwe na jingine likataliwe? Kwa muda mrefu mgawanyo wa kazi umekuwa wazi: wa vijijini wanajaza, wa mbali wanaandika. Sisi ni wajazaji wa mifumo. Waandishi wako kwingine, na "kwingine" si Ulaya tu. Hata Dodoma na Dar es Salaam ni kwingine ukiwa Haydom.

Historia inatuonesha kwamba mgawanyo huu si sheria ya maumbile. Mwaka 2002 mfumo wa hospitali uitwao Care2x ulianzishwa na Elpidio Latorilla, ambaye alikuwa muuguzi. Hakuridhishwa na mfumo wa kompyuta wa hospitali alikofanya kazi, akaanza kuandika wake. Akauachia huru, yaani mtu yeyote aweze kuusoma, kuubadili na kuutumia bila malipo. Hospitali kadhaa za KKKT hapa nchini ziliuchukua na kuurekebisha kwa mahitaji yao. Mfumo uliotumika katika nchi nyingi ulianza na mtu wa wodini aliyechoshwa na fomu mbaya. Si lazima kila muuguzi awe kama yeye. Ila ni muhimu tujue kwamba njia hiyo ilikwishapitwa.

Mfano mwingine uko nyumbani kabisa. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kukokotoa zilizosemwa kwa Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Watu walikaa wakabishana: neno hili la kompyuta tuliiteje? Leo wengi wamesahau mradi ule, lakini ulithibitisha jambo moja kubwa, kwamba Kiswahili kinatosha kuisemesha mashine. Kazi kama hiyo haikuhitaji ruhusa ya kampuni yoyote, kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria.

Nilimweleza binti wa kaka yangu baadhi ya haya jioni ya kwanza. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sawa, baba mdogo. Na zile 1,270?" Alikuwa na haki. Tukaanza.

Jioni ile hatukuwasha kompyuta. Nilimwomba aandike katika daftari hatua za kugawa faida, kana kwamba anamwelekeza mwanachama mpya ambaye hajui chochote na hathubutu kukisia. Alidhani atamaliza kwa dakika tano. Ilimchukua saa nzima, kwa sababu kila alipoandika hatua niligundua pengo. "Jumlisha hisa." Za nani? Na aliyejitoa mwezi wa nane? Na aliyefariki, ambaye hisa zake zimerithiwa na mwanawe? Kikoba kilikuwa na majibu ya maswali haya, lakini majibu yalikaa vichwani mwa wazee wa kikundi. Kabla ya kugusa kitufe kimoja, zoezi lilikuwa limetoa kanuni zisizoandikwa na kuziweka mezani.

Jioni ya pili tuliandika programu yake ya kwanza katika lugha ya Python. Iliuliza hisa za mwanachama katika miezi miwili na kuzijumlisha. Akaingiza tano, kisha tano tena. Kompyuta ikajibu 55. Akacheka hadi jirani akachungulia: "Hapa nimetajirika!" Kosa hili humpata karibu kila anayeanza. Unachoandika kwenye kibodi, kompyuta hukipokea kama maandishi, na maandishi yakijumlishwa huwekwa ubavuni, moja baada ya jingine. Ni lazima uiambie kwamba hii ni namba. Somo lake ni kubwa kuliko ukubwa wa kosa: mashine haijui maana ya tano. Inajua tu ulichoiambia.

Jioni ya tatu tuliingiza majina. Mwanachama mmoja akatokea kuwa wawili, kwa sababu mahali pamoja jina lake lilianza kwa herufi kubwa na kwingine kwa ndogo. Kisha tukazungumza juu ya maandishi ya Kiiraqw, ambayo hutumia alama ya mkwaju (/) kama herufi kamili, kwa sauti ambayo Kiswahili hakina. Programu iliyoandikwa na mtu asiyejua hilo, ikaamriwa ikubali herufi za kawaida tu, itakataa neno halali la Kiiraqw na kuliita kosa. Mara nyingi ofisini majina yetu huandikwa bila alama hizo, na tumezoea. Lakini binti yule, akiwa ameandika kwa mkono wake mstari unaoamua jina lipi likubaliwe, aliona kitu ambacho mimi nimekuwa nikijaribu kuwaeleza wanafunzi kwa miaka mingi kwa maneno makubwa: kwamba mfumo una mwandishi, na mwandishi ana mipaka ya anachokijua.

Jioni ya nne tulifika kwenye fedha. Kiini cha programu kilikuwa mistari minne tu:

faida = 1000000
hisa = 1370
mgao = faida // hisa
salio = faida % hisa

Mstari wa tatu unagawa na kuacha sehemu isiyotimia shilingi. Mstari wa nne unauliza: kimebaki nini? Kompyuta ikajibu mgao 729, salio 1270. Ndiyo hizo. Ukigawa milioni moja kwa hisa 1,370 unapata shilingi 729 na senti tisini na mbili na ushei. Jedwali la mtu wa mjini lilitupa senti na kubakiza shilingi 729. Halikuiba, na wala mweka hazina hakuiba. Jedwali lilikunja hesabu kimyakimya, halikuwa na mstari wa nne, na hakuna aliyejua kwamba kuna uamuzi umefanyika.

Nilimwuliza: kwa nini tusipandishe iwe 730, maana iko karibu zaidi? Akajaribu. Jumla ikawa shilingi 1,000,100. Kikoba kingegawa shilingi mia moja ambazo hakina. Akakaa kimya, kisha akasema jambo ambalo nililiandika usiku ule: "Kumbe hapa hesabu imefika mwisho. Kinachobaki ni kikao."

Ndugu zangu wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma, hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kuna mahali katika kila programu ambapo hesabu inafika mwisho na mtu anaamua. Salio liende wapi? Asiye na tarehe ya kuzaliwa aandikweje? Kaya yenye wake wawili ni kaya moja au mbili? Haya si maswali ya ufundi. Ni maswali ya haki, na kwa mila na sheria zetu yanapaswa kujibiwa kikaoni. Mfumo unapoletwa ukiwa umekamilika, yamekwishajibiwa na mtu asiyekuwepo, na majibu yamefichwa mahali ambapo mjazaji hafiki. Mtu aliyewahi kuandika mistari minne, ikamshinda, akairekebisha, hawezi tena kuamini kwamba "mfumo umekataa". Atauliza: nani aliuambia ukatae?

Kwa hiyo nasisitiza udogo wa mazoezi haya. Tangu Januari 2024 tunatekeleza mtaala mpya, na Sayansi ya Kompyuta imo katika orodha ya masomo ya sekondari. Ni hatua njema. Lakini majirani zetu wa Kenya wana funzo kwa ajili yetu. Mwaka 2013 waliahidiwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi ikageuka kuwa vishikwambi, ambavyo vilianza kugawiwa mwaka 2016. Ilipofika 2022 ndipo mtaala wa kufundisha watoto kuandika programu ulipoidhinishwa. Kifaa kilitangulia, swali likafuata. Nasi tuna kishawishi hichohicho: kununua maabara, kupiga picha, kukata utepe. Mwanafunzi wa Dongobesh au Katesh akianza na mvua iliyopimwa shuleni kwake, au bei za mbuzi katika minada mitatu, au kikoba cha mama yake, ataielewa kompyuta moja iliyochakaa kuliko anavyoweza kuvielewa vishikwambi arobaini vilivyofungiwa stoo. Na sehemu ya kwanza ya kazi, kama tulivyoona, haihitaji hata umeme.

Najua pingamizi mbili zitakazokuja. Ya kwanza: siku hizi akili mnemba inaandika programu kwa sekunde, kwa nini mtu ahangaike? Nilijaribu kwa faida yangu. Nilieleza tatizo la mgao kwa sentensi moja, nikapata programu safi iliyokunja hesabu na haikutaja salio. Nilipouliza juu ya salio, ikalionesha mara moja. Chombo kilikuwa hodari. Kilichohitajika ni mtu anayejua kuuliza. Kadiri mashine zinavyozidi kuandika zenyewe, ndivyo thamani ya swali hilo inavyopanda.

Ya pili ni nzito zaidi: kwamba haya ni anasa kwa shule isiyo na madawati ya kutosha. Siwezi kulipuuza. Kujifunza kuandika programu hakujampatia binti wa kaka yangu ajira, na sitawadanganya vijana kwamba kila anayejifunza atatajirika. Uongo huo umekwishawauma wengi. Lakini hesabu za maisha ya maskini tayari zimo ndani ya kompyuta: mkopo wake, bima yake, ruzuku ya mbolea yake, matokeo ya mwanawe. Tajiri akionewa na mfumo ana wakili. Maskini ana ufahamu wake tu. Kuuchelewesha ufahamu huo hadi madawati yakamilike ni kurudia kosa la 1974 kwa jina jingine.

Mkutano wa kikoba ulifanyika Jumamosi iliyofuata. Binti wa kaka yangu alisimama na daftari, si kompyuta, akaeleza mistari yake minne kwa Kiswahili, na pale ilipobidi kwa Kiiraqw. Akamgawia kila mwanachama karatasi yenye hisa zake, mgao wake na, chini kabisa, neno ambalo halikuwahi kuonekana katika jedwali la zamani: salio. Wanachama wakajadili kwa karibu nusu saa. Wengine walitaka lihamie mwaka ujao, wengine apewe mwenye hisa nyingi, mmoja akataka apewe mwenye hisa chache. Mwishowe wakaamua kwamba kila salio, dogo au kubwa, liingie mfuko wa jamii wa kusaidia wenye misiba na wagonjwa, na uamuzi huo ukaandikwa katika katiba ya kikundi.

Kisha mwenyekiti akamgeukia mweka hazina na kumwomba radhi mbele ya wote. Mama yule alipokea, akasema amesamehe, ila mwakani naye afundishwe ule mstari wa nne.